Nilivyokula peremende za marehemu mbele ya jeneza lake

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu, mtaa wa Migosi, nikiwa nimekaa mlangoni na kikombe cha chai isiyo na sukari. Si tamu, lakini nimeizoea.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Na kabla hamjaanza kuniuliza ushahidi uko wapi, niwaambie kabisa kwamba kuna video. Mpiga video wa matanga hakuzima kamera hata dakika moja siku hiyo. Kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi, maana wakwe zangu wote wanayo kwenye simu.

Ndugu wa Bongo mtanivumilia. Kiswahili chetu huku ziwani kina kona zake.

Twende sasa.

Siku za kawaida mimi ni fundi wa spika na redio pale Kondele. Jumamosi ni MC wa matanga.

Kwa wasiojua, huku kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Kuna mahema, kuna kwaya, kuna askofu, kuna wanasiasa, na kuna watu mia tatu wanaotaka kusema neno moja tu. Lazima awepo mtu wa kushika maiki na kuwaambia kwamba hilo neno moja limeisha zamani. Mtu huyo ni mimi. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na mbili na sioni haya kusema kwamba naijua.

Basi mwaka jana nikaanza kusumbuliwa na kiu. Nakunywa maji chupa baada ya chupa, halafu kila dakika ishirini nakimbilia chooni. Sasa MC hawezi kuondoka ovyo ovyo. Ikabidi nipange na mwalimu wa kwaya: akiniona nashika mkanda wa suruali, aanzishe wimbo mara moja.

Watu wakawa wananisifu eti siku hizi programu zangu zina nyimbo nyingi, za kiroho kabisa. Kumbe ni kibofu.

Aliyenipeleka hospitali ni mke wangu. Anatoka Seme, kwa hiyo kila mtu anamwita Nyar Seme, binti wa Seme, na mimi pia namwita hivyo hivyo.

Baba yake alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alianza na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, akakidharau, mguu ukakatwa, na kabla mwaka haujaisha tukamzika. Nyar Seme ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Kwa hiyo daktari aliposema na mimi ninayo sukari, hakulia. Alinitazama tu.

"Baba Achieng', baba yangu nilizika. Wewe sitakuzika."

Wakuu, hakusema kama mtu anayebembeleza. Alisema kama mtu anayetoa notisi.

Nikapangiwa kliniki. Kuna nesi huko tunamwita Sista Akoth, mama mpole anayeongea taratibu. Hapa nisikilizeni vizuri, maana makosa yote yalianzia hapa, na makosa yalikuwa yangu.

Sista alinieleza kila kitu. Sahani yangu iwe nusu mboga, robo ugali, robo samaki au maharagwe. Ugali usizidi ngumi. Nikamuuliza ngumi ya nani, akasema yako, na usiikunjue. Nitembee nusu saa kila siku. Niangalie nyayo zangu kila jioni, nisitembee pekupeku. Halafu akanipa vidonge, kimoja kila asubuhi pamoja na chakula.

"Hii dawa inashusha sukari, ukule usikule," akaniambia. "So ukimeza, unakula. Kama hutakula, usimeze. Na kila mahali unaenda, tembea na kitu tamu kwa mfuko, sababu ikishuka sana..."

Simu yangu ikalia.

Ilikuwa familia moja ya Ahero, wanatafuta MC. Nikamwonyesha sista kidole kimoja, yaani ngoja kidogo, nikatoka nje kuongea. Niliporudi akaingia moja kwa moja kwenye mambo ya kupima macho. Sikumwomba arudie. Niliona nimeelewa.

Nyumbani Nyar Seme akauliza, "Sista amesema nini?"

Mimi, mtu ambaye kazi yake ni kufupisha hotuba za wengine, nikamfupishia.

"Amesema hakuna sukari."

Basi. Yule mwanamke akalichukua neno hilo akaenda nalo vitani.

Kwanza aliweka picha yangu kwenye group ya estate na ile ya kwao Seme. Na hakutafuta picha nyingine. Aliweka ile ya harusi ya mdogo wangu, nimeshika kipande cha keki kwa mikono miwili. Chini yake akaandika: "Huyu ni bwana yangu. Ako na sukari. Mtu yeyote asimpe soda, mandazi, juice ama biskuti, hata akilia."

Hata akilia!

Mwenye duka la kona akaninyima soda mchana kweupe, mtu mzima mwenye ndevu. Mama wa mandazi akiniona anafunika beseni. Hata kanisani, siku ya meza ya Bwana, mhudumu alininusisha tu kikombe akakiondoa.

Na kila jioni nikirudi nyumbani, nilisimama mlangoni mikono juu, Nyar Seme anapekua mifuko yote ya koti. Mnajua maduka yakikosa chenji yanakupa peremende. Basi siku moja alinikuta na mbili za chenji. Alizitupa chooni mbele yangu, akamwaga na maji juu yake, kama vile zingepanda kunifuata.

Watoto walicheka wiki nzima.

Lakini nisiwe mtovu wa shukrani. Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa mgonjwa wa kuigwa. Kutoka Migosi mpaka Kondele nilienda kwa miguu, mpaka watu wa boda wakadhani nimekosana nao. Nilikula mboga za osuga, nilikula apoth, yaani mlenda, nilikula samaki wa ngege wa kuchemsha. Kipimo kikaanza kushuka. Suruali ikaanza kulegea, ile ya harusi ikanitosha tena.

Tatizo lilikuwa Jumamosi.

Wakuu, niwaeleze kuhusu sahani ya MC. Kwenye matanga, mfiwa anakula akikumbuka, jirani anakula baada ya mazishi, lakini MC huitwa ndani ya nyumba saa tano asubuhi wakati kwaya inashikilia maiki. Na sahani yake haipimwi. Ni wali, juu yake chapati, juu yake nyama, pembeni paja la kuku, na ugali wake uko kwenye sahani nyingine kwa sababu hapo hauna nafasi. Soda mbili, zimefunguliwa tayari.

Ukisema hutaki, akina mama wa jikoni wanaulizana kwa sauti, "Kwani chakula yetu iko na nini?" Na wiki inayofuata habari imefika Bondo kwamba wewe unadharau watu.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa najipa. Ukweli ni kwamba naipenda ile sahani. Naipenda sana.

Ndipo nikapiga hesabu yangu. Nikasema, kama kidonge kimoja kinatosha uji na kipande cha nduma, basi vidonge viwili vitatosha sahani ya matanga. Na ili nafasi iwepo, asubuhi sili kitu. Nilijiona kama mkuu wa polisi anayepeleka askari uwanjani kabla mashabiki hawajafika.

Nilijaribu mara ya kwanza. Kizunguzungu kidogo kikaja, nikala, kikaisha. Mara ya pili vilevile. Nikajipongeza. Nikajiuliza kwa nini madaktari wanasoma miaka mingi hivyo.

Mara ya tatu ilikuwa mazishi ya Mwalimu Obiero.

Mwalimu Obiero alikuwa amefundisha nusu ya Seme, akiwemo mke wangu. Alifariki usingizini akiwa na zaidi ya miaka themanini. Boma lake liko mbele kidogo ya Kombewa. Familia ikaniomba niwe MC, na Nyar Seme akasema safari hii tunaenda pamoja, kumzika mwalimu wake.

Asubuhi alinipikia uji wa wimbi bila sukari. Nikamwambia nitaunywa nje nikipakia spika kwenye gari. Nikaenda nao nyuma ya nyumba nikampa mbwa wa jirani. Yule mbwa hakuamini bahati yake. Kisha nikameza vidonge viwili kwa maji, nikaimba wimbo mdogo, tukaondoka.

Saa tano kamili nilikuwa nimeshamkonyeza mwalimu wa kwaya. Mguu mmoja uko njiani kuelekea ndani ya nyumba, pua imeshashika harufu ya kuku.

Nikasikia honi. Ni Mheshimiwa.

Mheshimiwa huyu simtaji, na sitamtaja hata mkiniomba inbox. Kwenye matanga yote niliyofanya, hajawahi kufika kabla ya saa nane. Siku hiyo alifika saa tano, na magari sita. Na MC hawezi kuondoka Mheshimiwa akiwa ndani ya hema. Nikarudi.

Alikuja na watu watano, na kila mmoja alitaka kusalimia. Hapa ningeweza kuwakata, ndiyo kazi yangu. Lakini hao ni watu wanaoita MC kwenye shughuli zao, kwa hiyo nikawaachia kamba ndefu. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu Mheshimiwa mwenyewe akasimama. Nikampa dakika tatu.

Saa saba na dakika kumi alikuwa bado anaeleza habari ya barabara.

Mimi nikaanza kuona jasho linatiririka mgongoni, na hakukuwa na joto hilo. Mikono inatetemeka, maiki inagonga meno. Moyo unadunda. Lakini kubwa zaidi wakuu, ilikuja hasira. Hasira ya ajabu, imetoka sijui wapi. Namtazama Mheshimiwa naona kama ameketi juu ya sahani yangu.

Ninayoyakumbuka mwenyewe yanaishia hapo. Mengine nimeyaona kwenye video.

Kwenye video naonekana nikisogea mbele, natabasamu, nachukua maiki mkononi mwa Mheshimiwa katikati ya sentensi.

"Mheshimiwa, keti chini. Ulipewa dakika tatu, umeongea kama mtu anauza dawa ya panya. Hii barabara tumeiskia tangu shule. Marehemu mwenyewe amechoka, muone."

Hema zima likalipuka! Wazee wanajipiga mapaja kwa vicheko, vijana wanarusha kofia, akina mama wanapiga vigelegele. Mtu mmoja nyuma anasikika akisema, "Yawa! MC leo amekunywa ujasiri!"

Mheshimiwa akaondoka na magari yake sita. Nikapigiwa makofi. Kama ningeishia hapo, leo pengine ningekuwa nagombea kiti.

Sikuishia hapo.

Nikamgeukia askofu nikamtambulisha kama dereva wa lori la mchanga. Watu wakacheka, lakini kidogo. Halafu nikanyoosha mkono kuelekea kwenye jeneza, nikasema kwa heshima zote:

"Na sasa tumkaribishe marehemu mwenyewe, atoe neno la shukrani."

Nikaweka maiki juu ya jeneza, nikangoja.

Hapo hakuna aliyecheka.

Nyar Seme alikuwa safu ya tatu. Kwenye video unamwona anaruka viti. Aliniona nimelowa jasho, macho yamenitoka, natafuta pa kukaa, na akaelewa jambo moja tu, lile nililomfundisha mimi.

"Sukari imepanda! Nani amempa soda? Nauliza, nani amempa?"

Mimi nikaenda chini kwa magoti, nikaanza kutambaa kuelekea kreti za soda zilizokuwa kando ya hema. Akili ilikuwa imepotea lakini mwili ulijua unachotaka. Shemeji zangu wawili wakanishika miguu. Mmoja ni mwalimu wa PE, yaani michezo, ana nguvu kama trekta. Kijana mmoja mwenye huruma akanikaribia na chupa, mke wangu akaipiga ikaenda.

"Usimpe! Unataka kumuua? Hakuna mtu anampa kitu!"

Fikirini hiyo hali wakuu. Miezi mitatu Seme nzima na Migosi nzima wamefundishwa kuninyima sukari, na wamefundishika. Nilikuwa nakufa kwa kukosa kijiko kimoja, na watu wote wanaonipenda walikuwa wamekikalia.

Ningekufa pale pale. Sisemi kwa mzaha. Nimeiangalia sehemu hiyo mara moja tu na sitairudia.

Aliyeniokoa ni mjane.

Mama Obiero alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya jeneza, upande wa kichwa, nguo nyeusi, hajasema neno tangu asubuhi. Mjane kwetu hainuki kwenye kiti hicho hivi hivi. Yeye aliinuka. Akaja akanishika shingo kwa kiganja, akaangalia jasho, akaangalia mikono yangu inavyotetemeka.

"Amekula asubuhi?"

"Amekunywa uji," mke wangu akasema.

Inaonekana hata katika hali ile nilikuwa mkweli kuliko kawaida yangu, kwa sababu kwenye video nasikika nikisema, "Mbwa."

"Amesema nini?"

"Mbwa amekunywa."

Mama Obiero akatikisa kichwa. "Nyathina, mtoto wangu, hii si kupanda. Hii ni kushuka. Nimeishi na hii sukari kwa hii nyumba miaka ishirini na sita. Mwachilie."

Halafu akageuka akaenda kwenye jeneza. Akafungua kifuniko mwenyewe. Watu wakashika vifua. Akaingiza mkono ndani, kwenye mfuko wa kulia wa koti la mumewe, akatoa peremende nne.

Wakuu, watu walipiga yowe. Kuna bibi mmoja alianguka na kiti chake. Askofu alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena, nadhani alikuwa anatafuta kama kuna mstari.

Mama Obiero hata hakugeuka. Akamenya moja akanitia mdomoni, akanishika taya.

"Tafuna. Usimeze nzima. Tafuna."

Nikatafuna. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha akamnyooshea mke wangu mkono bila kumtazama.

"Soda."

Nyar Seme, kwa mikono yake mwenyewe, akafungua soda akanishikia nikanywa.

Baada ya kama robo saa dunia ikarudi. Kwanza nilisikia harufu ya nyasi. Halafu nikaona nimelala kwenye mapaja ya mke wangu mbele ya watu wote, na yeye analia, yule ambaye hakulia hata kwa daktari.

Nikauliza, "Mheshimiwa amemaliza?"

Wakaniletea ugali na samaki, na Mama Obiero akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Ndipo akaeleza watu, kwa sauti ya kawaida tu, kwa nini peremende zilikuwa mle. Mwalimu hakutoka nyumbani bila hizo peremende miaka ishirini na sita. Alikula kwa saa zilezile, alitembea kila jioni mpaka barabarani na kurudi, hakuruka kliniki hata moja, na mfukoni alikuwa na nne, kila siku nne. Mara tatu zilimrudisha.

"Sasa jana wakimvalisha koti," akasema, "nikaona mfuko iko tupu. Nikashindwa. Nikamwekea."

Hapo hata wale waliokuwa wananong'ona kwamba nimekula kitu cha maiti na nitapata chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wakanyamaza.

Kisha akanigeukia. "Na zangu?"

"Zako gani mama?"

"Umekula switi za mzee. Hatoki hapa kwa boma bila switi zake. Nangoja."

Wakuu, mazishi yakasimama. Kaburi liko tayari, askofu yuko tayari, kwaya imeishiwa nyimbo, mjane amekaa kwenye kiti chake amekunja mikono. Anangoja peremende.

Nilijaribu kuinuka, mke wangu akanisukuma chini. Akavua viatu vyake vya mazishi, akaenda mbio mwenyewe mpaka dukani kwenye njia panda. Miezi mitatu alikuwa hajagusa kitu kitamu hata cha watoto. Alirudi anahema. Mama Obiero akahesabu nne, akazitia kwenye mfuko wa kulia wa koti, akapiga mfuko kofi dogo la juu, kama mtu anayemwambia mumewe aende salama. Kifuniko kikafungwa. Tukaimba.

Mwenzangu mmoja ndiye aliyeshika maiki wakati huo. Aliharibu programu, lakini hiyo ni mada nyingine.

Mama Obiero alisema lazima nipelekwe hospitali hata kama nimepona, kwa sababu dawa bado iko ndani na sukari inaweza kushuka tena. Msafara wa Mheshimiwa ulikuwa umekwenda na hasira zake. Magari mengine yalikuwa yamebanana. Gari pekee lililokuwa limeelekea barabarani ni lile lililomleta marehemu.

Nikapanda. Mbele wakuu, niliketi mbele, na mkanda nikafunga! Lakini watu barabarani hawajui hayo. Kila tunapopita wanasimama, wanavua kofia. Nikaona ni utovu wa adabu kutowasalimia. Nikapunga mkono. Mzee mmoja kwenye baiskeli aliiacha baiskeli barabarani akaingia kwenye mahindi.

Hospitali walinilaza mpaka kesho yake, wananipima kila baada ya muda, na kweli ilishuka tena kidogo usiku, wakaipandisha. Yule mama alijua anachosema.

Lakini jambo lililonimaliza si hilo. Walipoleta gauni la wagonjwa nikavua koti, nikasikia kitu kinachakarisha mfukoni. Nikaingiza mkono. Pakiti ya peremende, nzima, haijafunguliwa. Alinunua pakiti mbili. Moja ya Mwalimu, na moja akaniwekea mimi nikiwa nimelala pale chini, bila kuniambia.

Nililia wakuu. Na sioni haya.

Asubuhi nilimweleza kila kitu. Vidonge viwili, mbwa, simu ya Ahero, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Huyo mbwa alimaliza uji yote?"

Tangu siku hiyo kliniki tunaenda wawili. Yeye ndiye anayeuliza maswali, na simu yangu inakaa kwenye mkoba wake. Sista Akoth akanirudia ile sehemu niliyoikimbia, na mara hii nikakaa. Kidonge ni kimoja, na chakula, na si mimi wa kuongeza wala kupunguza. Ile group ya estate nayo ilipata tangazo jipya: nikiwa sawa, wasinipe. Nikitoa jasho, nikitetemeka, ama nikianza kuwatukana wanasiasa, wanipe haraka. Nikianguka nisiweze kumeza, wasinitie kitu mdomoni, wanikimbize hospitali. Hilo la wanasiasa limeleta utata kidogo, kwa sababu hayo huwa nafanya hata nikiwa mzima.

Sahani ya MC bado naletewa. Nimewaambia akina mama wa jikoni mapema, kabla ya siku, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekasirika. Sasa wanashindana nani atanipikia mboga tamu zaidi. Nusu sahani. Ngumi yangu, sijaikunjua. Kipimo cha mwisho sista alikitazama mara mbili, akatabasamu.

Nilichojifunza ni kwamba niliwaficha watu wangu nusu ya habari, na nusu ile ndiyo iliyokaribia kuniua. Kama una sukari, waambie walio karibu nawe yote, ya kupanda na ya kushuka. Usiwafupishie.

Siku hizi kila Jumamosi asubuhi nasimama mlangoni mikono juu, kama zamani. Nyar Seme anapekua mifuko yote ya koti. Akizikosa zile nne, sitoki.

Sasa ninyi wakuu. Kama una mtu wa sukari nyumbani, nenda kamwangalie halafu urudi uandike hapa chini: mfukoni mwake kuna nini?